Mwongozo kamili: jinsi mwanafunzi wa Kigoma anavyoweza kuanzisha biashara bila kuacha dawati

Mtoto wa Kigoma hahitaji kufundishwa kuuza. Ukikulia Mwanga, Gungu, Ujiji au Kibirizi, umeshatumwa mawese sokoni, umeshageuza dagaa chanjani, umeshalinda genge la shangazi huku daftari la hesabu liko mapajani. Kinachowashinda wengi ni kingine. Biashara ikichanganya, shule inaanza kupoa. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakipotea hivyo, hasa wavulana wa mwaloni, kule mitumbwi ya uvuvi inakofikia: akishashika pesa ya usiku mmoja ziwani, dawati linamchosha, na mwaka wa mtihani unamkuta hayupo.

Kwa hiyo kabla hatujaanza, shika kipimo hiki kimoja. Biashara ya mwanafunzi iwe ile inayoweza kufungwa wiki tatu bila kuoza, bila kufa na bila kukuachia deni. Mitihani itakuja. Malaria itakuja. Mama atasafiri kwenda Kasulu msibani na wewe utabaki na wadogo zako. Kama biashara haiwezi kusubiri, utalazimika kuchagua kati yake na masomo, na hupaswi kufikishwa kwenye uchaguzi huo ukiwa na miaka 16.

Nimeandika nikimfikiria mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Wa bweni asome pia, ila yeye ajue moja kwa moja kwamba biashara yake ni ya likizo tu. Na msomaji wa Tabora, nikitaja dagaa na mawese, wewe weka asali au karanga. Hesabu ni zilezile.

Hatua ya kwanza: mzazi, kisha mwalimu

Usianze kwa siri. Najua wengine wanaogopa kuambiwa "soma kwanza", lakini bila mzazi huendi mbali. Kisheria mtu aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kuingia mkataba unaombana, kwa hiyo fremu huwezi kupangishwa na mzigo wa mkopo hutapewa kwa jina lako. Laini ya simu ya kupokelea malipo nayo itakuwa imesajiliwa kwa jina la mzazi au mlezi. Na mzigo wenyewe utalala wapi kama si nyumbani?

Usiende kwa mzazi na ombi la pesa. Nenda na karatasi. Iandike mambo manne: nitauza nini, siku gani na saa ngapi, mtaji nautoa wapi, na nitafanya nini nikishuka darasani. Hilo la nne ndilo litakalomlegeza. Mzazi akisoma kwa mwandiko wako kwamba "nikishuka kwenye mtihani wa muhula, nafunga mpaka muhula unaofuata", anaona unajua unachokifanya.

Kuna jambo jingine la kuzungumza siku hiyohiyo, na ni gumu: pesa ni ya nani? Nyumba nyingi maisha ni ya kubana. Siku unga umekwisha na kibubu chako kina 30,000, mkono utaenda huko. Mtoto kuchangia nyumbani ni jambo jema na wengi wenu mnalifanya kwa moyo. Ubaya unaanza pale mtaji unapogeuka unga bila mtu kusema neno, biashara ikafa, na mtoto akabaki na kinyongo. Kubalianeni mapema. Kwa mfano, sehemu fulani ya faida ni ya nyumbani kila mwezi, mtaji hauguswi mpaka tukae tuzungumze.

Mwalimu anafuata. Shule nyingi zinakataza mwanafunzi kuuza vitu darasani, na simu haziruhusiwi. Usitafute njia ya kupitisha paketi za ubuyu chini ya dawati. Mwone mwalimu wa taaluma au wa malezi, mweleze unafanya nini nje ya saa za shule. Tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 shule zetu zimekuwa na bustani na miradi, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi. Mwalimu wa somo la biashara anaweza kukusaidia kukagua daftari lako bure, na hakuna mkaguzi mzuri kuliko huyo.

Hatua ya pili: pima muda kabla ya kupima pesa

Chukua karatasi, chora siku saba. Jaza kwanza shule, kisha usingizi, kisha kujisomea, kisha kazi za nyumbani, kisha ibada. Nafasi iliyobaki nyeupe ndiyo ya biashara. Usifanye kinyume.

Hapa nina neno na wazazi. Binti akirudi shuleni anachota maji, anaosha vyombo, anapika, anamwogesha mdogo wake. Kaka yake yuko kiwanjani. Ukimwongezea binti biashara juu ya hizo kazi, kinachoondoka ni saa yake ya kusoma. Kama kweli tunataka binti aanze biashara, kaka achukue ndoo.

Kwa wanafunzi wengi wa kutwa nafasi inayobaki ni Jumamosi asubuhi na kipande cha Jumapili mchana. Saa tano au sita kwa wiki zinatosha kabisa kuendesha biashara ya kwanza. Usiku achana nao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi zisizomwumiza afya wala masomo, na inakataza kazi za usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo inakuondolea uvuvi wa dagaa, ambao ni kazi ya usiku na ya hatari, na inakuondolea kuamka saa tisa usiku kukanda unga wa maandazi kila siku.

Hatua ya tatu: chagua kitu kinachoweza kulala

Maandazi, vitumbua, bagia, juisi. Hivi ndivyo vinavyokuja kichwani kwanza kwa sababu mtaji wake ni mdogo na wateja wako kila kona. Lakini vipime kwa kile kipimo. Andazi la asubuhi jioni ni hasara. Mteja wa maandazi akikukosa siku mbili anahamia kwa mwingine. Kama unapenda mapishi, pika kwa oda za Jumamosi tu: mtu akuagize bagia Ijumaa, alipe kabisa, upeleke kesho yake. Vya kuzungusha kila asubuhi waachie kina mama wanaoishi kwa kazi hiyo.

Kuku wa kienyeji ni wazuri kwa mwenye uwanja, ila hawajui likizo. Anzia majike wanne na jogoo mmoja, na kama mko wawili nyumbani, mgawane zamu za kuwahudumia. Kinachowamaliza kuku wetu ni ugonjwa wa kideri. Chanjo yake ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa kuwa kichupa kimoja ni cha kuku wengi, chanjeni pamoja na majirani, mchangiane gharama. Usipochanja, siku moja utaamka ukute banda zima limelala.

Mchicha ni biashara ya likizo ya Juni. Ukisia mwanzoni mwa likizo, kati ya wiki ya tatu na ya nne unavuna, na wakati huo mvua zimeshakatika, mboga zimeanza kuadimika, bei imepanda. Sharti ni maji ya uhakika. Kama maji mnanunua kwa ndoo, piga hesabu ya ndoo kwanza kabla hujagusa jembe.

Vitu viwili vinavyopita kipimo vizuri zaidi kwa hapa Kigoma ni dagaa wakavu waliochambuliwa na kufungashwa, na sabuni ya mawese. Vyote vinakaa. Vyote watu wa Dar, Dodoma na Mwanza wanaviulizia kila ndugu akipanda basi au treni. Nitavieleza kwa kirefu.

Dagaa: kununua, kuchambua, kufungasha

Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikijaa, taa hazina nguvu ya kuwavuta, mavuno yanashuka, bei inapanda. Kwa hiyo angalia mwezi kabla ya kununua. Nunua katikati ya giza, mzigo ukiwa mwingi. Masika nayo yana mambo yake: kuanzia Novemba mpaka Aprili jua halitabiriki, dagaa wanakauka nusunusu, wengine wanabadilika rangi. Na kumbuka mwaka 2024, uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, baada ya makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Mfanyabiashara mdogo lazima afuatilie matangazo ya namna hiyo, kwa sababu ziwa likifungwa mzigo uliopo ghalani unakuwa dhahabu, na asiye na mzigo anakaa.

Ukienda mwalo wa Katonga au Kibirizi, nenda na mtu mzima, mchana, na usinunue kwa wa kwanza. Salimia vizuri. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu dagaa, hawa wa jana."

"Ahsante mama. Walianikwa chanjani au mchangani?"

"Chanjani hawa. Gusa mwenyewe."

Gusa kweli. Chota konzi moja, uweke kwenye kiganja, uwarudishe polepole. Angalia kinachobaki kiganjani. Kikibaki kimchanga, hao walilala chini. Kisha chukua dagaa mmoja, umkunje: mkavu anakatika, aliyejaa unyevu anapinda. Rangi iwe ya fedha, isiwe ya kahawia. Mwisho mtafune mmoja. Meno yakisaga mchanga, mshukuru mama kwa adabu, sogea kwa mwingine. Dagaa wa chanjani ni ghali kidogo, lakini unalipia usafi, na usafi ndio utakaouza.

Nyumbani, osha mikono, tandika kitambaa safi, chukua ungo. Pepeta vumbi kwanza. Kisha kaa, uwatenge kidogokidogo: waliovunjika kando, vijiti na magamba ya konokono kando, wazima upande wao. Ni kazi ya kuchosha macho. Fanya mchana kwenye mwanga. Waliovunjika usiwatupe, mama atawasaga wawe unga wa dagaa wa kuweka kwenye uji au mboga ya watoto. Wanaobaki waanike tena juani saa moja au mbili kabla ya kufunga, kwa sababu unyevu wowote utakaoufungia ndani utarudi kama ukungu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usikimbilie vile vimifuko laini. Tumia vifungashio vya chakula vyenye viwango au mifuko ya karatasi yenye kitambaa cha ndani. Kila paketi iwe na lebo: jina la bidhaa, uzito, tarehe ya kufungasha, namba ya simu ya mzazi. Hata lebo iliyoandikwa kwa mkono na kutolewa kopi inatosha kuanzia.

Hesabu inayowaangusha wengi

Sasa tulia hapa. Nitatumia bei za mfano, wewe weka za siku yako.

Umenunua kilo 2 za dagaa kwa 18,000 kilo. Umetoa 36,000. Mwanafunzi wa kawaida anasema hivi: kilo 2 ni paketi 20 za gramu 100, kila paketi imenigharimu 1,800, nikiuza 2,200 napata faida ya 400. Anafurahi, anauza zote, na mwisho wa siku haelewi pesa imekwenda wapi.

Rudia hesabu kwa ukweli. Ukichambua, tuseme gramu 150 zimetoka kama mchanga, vumbi na waliovunjika. Umebaki na gramu 1,850, yaani paketi 18, na kidogo cha kuonjesha wateja. Vifungashio 18 kwa 150 ni 2,700. Lebo 18 kwa 50 ni 900. Nauli ya kwenda na kurudi 2,000. Jumla uliyotoa ni 41,600, na kila paketi imekugharimu takriban 2,311. Yule aliyeuza kwa 2,200 amekusanya 39,600. Amefanya kazi Jumamosi nzima na amepata hasara ya 2,000.

Ukiuza 2,500 unakusanya 45,000, faida 3,400. Ukiuza 3,000 unakusanya 54,000, faida 12,400. Tofauti ya 500 kwa paketi imeifanya faida iwe zaidi ya mara tatu na nusu. Hiyo 500 unaipata kwa sababu dagaa wako hawana mchanga na paketi yako haiaibishi mtu akiibeba kama zawadi. Ndiyo maana nimekuweka muda mrefu kwenye ungo.

Kwa mara ya kwanza usinunue kilo 2. Nunua nusu kilo. Fungasha, uza kwa majirani na walimu nje ya saa za shule, sikiliza wanasema nini. Mtaji wa kwanza usizidi pesa ambayo ukiipoteza yote, nyumbani hakuna atakayelala njaa. Na usiukope. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, imewavua watu wazima samani zao, itakufanya nini wewe? Hao wanaokuambia kuna programu ya simu unaweka 50,000 inazaa kila siku kwa kubonyeza matangazo, wapite hukohuko. Kubeti nako si mtaji.

Sabuni ya mawese

Sabuni inapendeza kwa mwanafunzi kwa sababu moja kubwa: ikishamwagwa kwenye kasha inahitaji wiki nne hivi kukomaa, na inapokomaa haikuhitaji. Tengeneza mwanzoni mwa likizo ya Juni, uza Julai. Mitihani ikija, sabuni zimekaa kwenye rafu hazina njaa.

Lakini kostiki soda ni kitu cha kuunguza ngozi na kupofusha macho. Hatua ya kuchanganya soda ifanywe na mtu mzima, wewe kaa pembeni na upime. Sisemi hivi kwa kukutisha. Nasema kwa sababu nataka ubaki na macho yako.

Kwa kilo 1 ya mawese safi, pima kostiki soda gramu 135 na maji gramu 350. Pima vyote kwa mizani, hata mafuta, maana lita moja ya mawese haifiki kilo moja. Kipimo cha kikombe kinadanganya: soda ikizidi sabuni inababua, ikipungua sana inabaki laini na kuchacha. Ukichanganya na mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, ili ipate povu zaidi, kiasi cha soda kinapanda, kwa hiyo usibadilishe mafuta huku umeacha kipimo kilekile.

Mtu mzima avae glavu za mpira, miwani na nguo ya mikono mirefu, akae nje penye hewa, watoto wadogo na kuku waondolewe. Soda inamiminwa kwenye maji, kidogokidogo. Kamwe maji yasimiminwe juu ya soda, yataruka. Chombo kiwe plastiki ngumu au chuma cha pua. Sufuria ya alumini ni marufuku, soda inaila na kutoa gesi inayowaka. Mchanganyiko utapata moto wenyewe, uachwe upoe mpaka vuguvugu. Mawese nayo yayeyushwe yawe vuguvugu. Kisha soda iliyopoa inamiminwa kwenye mafuta taratibu huku inakorogwa upande mmoja mpaka iwe nzito kama uji wa ulezi, yaani ukichora juu yake mchoro unabaki. Hapo mwaga kwenye kasha la mbao lililotandikwa karatasi ya nailoni. Baada ya siku moja au mbili kata vipande, bado kwa glavu, vipange kwenye rafu yenye hewa, visigusane, wiki nne. Rangi yake itakuwa ya manjano ya mawese, na wateja wa hapa wanaijua na wanaipenda.

Kama hakuna mtu mzima wa kukusimamia, usitengeneze. Ofisi ya SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) mkoani hufundisha wajasiriamali kazi za namna hii. Mwombe mzazi aende nawe kuuliza.

Daftari, kibubu na ndugu wanaokopa

Nunua daftari la kaunta, hata dogo. Safu tano: tarehe, maelezo, ingia, toka, baki. Andika siku hiyohiyo, usiku kabla ya kulala. Mfano wa dagaa wale wa kilo 2, ukishazoea:

Mtaji – ingia 45,000 – baki 45,000
Dagaa kilo 2 – toka 36,000 – baki 9,000
Vifungashio, lebo, nauli – toka 5,600 – baki 3,400
Mauzo paketi 11 – ingia 33,000 – baki 36,400

Paketi 7 bado ziko. Pesa mkononi ihesabiwe ilingane na safu ya mwisho. Isipolingana, tafuta kabla hujalala, kesho utakuwa umesahau. Ukichukua 500 ya soda, iandike. Mama akichukua paketi moja ya kupika, iandike pia, bila kununa: ni matumizi ya nyumbani.

Paketi zote zikiisha na 12,400 imepatikana, igawe palepale. Mimi ningerudisha 6,000 kwenye mtaji, 4,000 ikae kwa ajili ya madaftari na mahitaji ya shule, 2,400 uifurahie. Ifurahie kweli, usijinyime yote, utachoka.

Pesa isikae kwenye mfuko wa suruali ya shule. Kibubu kinafaa kwa mwezi wa kwanza. Baadaye, mzazi anaweza kukufungulia akaunti ya mtoto benki, au kama mama yuko kwenye kikoba, akuwekee kwa makubaliano na uandike. Pesa za simu ni nzuri kwa kupokelea, ila angalia makato ya kutoa: ukitoa elfu mbili mbili kila siku, makato yanakula faida yako.

Kisha kuna kukopesha. Hapa ndipo biashara za watoto zinapofia, kwa sababu wateja wa kwanza ni shangazi, mjomba na jirani, na mtoto hana uso wa kumdai mtu mzima. Tatizo limalize kabla halijaanza, kwa lugha ya heshima: "Shangazi, mzigo huu mama amenikataza kukopesha. Nikuwekee paketi mbili mpaka Jumamosi?" Umempa heshima, umemwekea mzigo, na hujamkopesha. Mwambie mama ajue kwamba jina lake linatumika hivyo, na akubali. Wazazi wengi hukubali kwa furaha.

Na rafiki mkichangiana mtaji, andikeni nani katoa ngapi na faida mnagawanaje, mbele ya mzazi mmoja. Urafiki wa shule ni mzuri, msiuuze kwa 10,000.

Kodi na viwango

Kwa mauzo madogo ya mtu binafsi yasiyozidi 4,000,000 kwa mwaka, kodi ya mapato ya makadirio ni sifuri. Ushuru wa soko ni jambo jingine: ukipanga bidhaa sokoni, unalipa kama wengine, na udai risiti. Kuuza kwa kupima kunataka mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Na siku utakapotaka dagaa wako wakae kwenye rafu za maduka, mzazi au mlezi aanze na SIDO na TBS (Shirika la Viwango) kuhusu usajili wa chakula kilichofungashwa. Kabla ya hapo uza mkono kwa mkono, kwa watu mnaojuana.

Kufunga kabla ya mitihani, na miezi baada ya kidato cha nne

Panga tarehe za kufunga mwanzoni mwa mwaka, uziandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Kidato cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo wao ningewashauri wafunge kuanzia Septemba. Wengine, wiki tatu kabla ya kila mtihani wa muhula. Kufunga kuna taratibu zake: mzigo wa mwisho ununuliwe mdogo, waambie wateja siku ya kurudi, lipa unachodaiwa, hesabu mtaji, ufungie. Mteja aliyeambiwa mapema anasubiri. Sabuni zilizobaki zifunge kwenye karatasi, dagaa waliobaki wauze au wapike.

Matokeo ya muhula yakitoka, rudi kwenye ile karatasi uliyompa mzazi. Kama umeshuka, timiza ulichoandika bila kusubiri kuambiwa.

Wahitimu wa kidato cha nne mnayo nafasi ambayo wadogo zenu hawana. Mnamaliza Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Ni miezi mirefu, na wengi inawapita wakiwa vijiweni. Hapo ndipo biashara iliyokuwa ya Jumamosi inaweza kukua: kupeleka mzigo Dodoma au Dar kwa ndugu wa kuaminika, kujifunza kazi SIDO, kujaribu kufungasha mawese kwenye chupa zisizovuja. Ukipeleka mawese sehemu za baridi, mweleze mteja kwamba yataganda na ayaweke juani, asidhani umemuuzia kitu kibovu.

Ukitimiza miaka 18, omba kitambulisho cha NIDA mara moja, kwa sababu laini, TIN (namba ya mlipakodi) na akaunti yako mwenyewe vinakisubiri. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata ndiyo pa kuanzia. Nenda na wenzako wa kikundi, na ubebe lile daftari la kaunta. Afisa akikuuliza biashara yenu inaingiza kiasi gani kwa mwezi, fungua ukurasa umwonyeshe.